Maisha ya Shaaban Robert wa Tanga

Mtu akiondoka Kawetele kwenda Tanga hana budi kuvuka karibu nchi nzima. Hupita Tukuyu na Mbeya, hushuka katika nyanda za joto, hufika pwani, kisha hugeuka kaskazini na kuandama bahari; na njia yote hiyo ni zaidi ya kilomita 1,000. Mvua na migomba ya Rungwe huiacha nyuma, na mbele yake huona minazi na mashamba ya mkonge. Walakini katika safari hiyo ndefu kuna kitu kimoja kisichobadilika, nacho ni lugha. Msafiri aliyewaaga wazee wake kwa Kinyakyusa hununua chakula njiani kwa Kiswahili, huuliza njia kwa Kiswahili, na akifika Tanga husikilizana na wenyeji kana kwamba alizaliwa kwao. Karibu na mji huo wa Tanga alizaliwa mtu ambaye jina lake hutangulia kila watajwapo waandishi wa lugha hiyo, naye ni Shaaban Robert.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909, katika kijiji cha Vibambani karibu na Machui, kusini ya Tanga. Siku zile nchi ilikuwa mikononi mwa Wadachi, na hata mji wa Tukuyu uliitwa kwa jina lao, Langenburg Mpya. Wazazi wa Shaaban asili yao walikuwa Wayao. Nchi ya Wayao iko upande wa mashikio ya jua na wa kusini wa Ziwa Nyasa, ziwa lile lile linaloonekana kwa mbali kutoka miinuko ya Tukuyu siku anga linapokuwa safi. Basi ukoo wake ulitoka bara. Lakini yeye alilelewa pwani, Kiswahili kikawa lugha yake, na alipokuwa mtu mzima alijihesabu kuwa Mswahili. Jina la baba yake, Robert, limewapotosha wengi wakadhani kwamba alikuwa Mkristo. Lakini alikuwa Mwislamu, akaishi na kufa katika dini hiyo.

Alipokuwa mtoto wa miaka mitano, vita kuu ya kwanza ilifika mlangoni pa kwao. Mwezi wa Novemba 1914 merikebu za Waingereza zilishusha askari wengi kutoka Bara Hindi ili wauteke mji wa Tanga, na Wadachi pamoja na askari wao wa Kiafrika wakawashinda na kuwarudisha merikebuni. Miaka michache baadaye mambo yakageuka. Wadachi wakaondoka, Waingereza wakatawala, na nchi ikaitwa Tanganyika.

Shule zilikuwa chache mno. Shaaban alipelekwa Dar es Salaam, akasoma huko tangu mwaka 1922 hata 1926. Katika mtihani wa mwisho walikuwamo watu 11, naye akawa wa pili. Miaka hiyo minne ndiyo elimu yote aliyoipata darasani. Hakwenda chuo kikuu, kwa sababu katika Tanganyika hapakuwa na chuo kikuu kwa muda wote aliokuwa kijana, wala hapakupatikana hata alipokuwa na mvi, ila mwaka 1961 tu, ambao ulikuwa karibu na mwisho wa maisha yake.

Mwaka ule ule wa 1926 alipata kazi ya ukarani katika forodha ya Serikali, akakaa katika idara hiyo miaka 18, na kituo chake kikubwa kilikuwa Pangani. Pangani ni mji wa kale penye mlango wa mto, na majahazi huingia na kutoka kwa kufuata maji na pepo. Kazi ya karani wa forodha si kazi ya kumtia mtu ndoto. Huhesabu magunia, huandika mizigo katika daftari, hutoza ushuru, hupiga mhuri, na kesho huanza tena. Mwafrika mwenye akili hata iwe kubwa namna gani hakutazamia kupanda juu sana katika ofisi zile. Mkubwa alikuwa Mzungu, na mshahara wa karani ulikuwa mdogo. Walakini mtu anaposhika kalamu kutwa nzima kwa ajili ya wengine, hutokea mara moja kwa nadra kwamba jioni huishika tena kwa ajili yake mwenyewe. Ndivyo alivyofanya Shaaban.

Wakati huo Kiswahili chenyewe kilikuwa kinatafuta umbo moja. Watu wa Mombasa walikuwa na chao, wa Lamu chao, wa Unguja chao. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, ikakubaliwa kwamba Kiswahili cha Unguja kiwe msingi wa vitabu vya shule, na mwaka 1930 ikawekwa kamati ya nchi nne, yaani Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, ili isimamie jambo hilo. Wengi wa watu wa kamati hiyo mwanzoni walikuwa Wazungu. Vitabu vingi vilivyotoka vilikuwa tafsiri za hadithi za Ulaya. Lilibaki shaka mioyoni mwa watu kama lugha hii mpya ya shule ingeweza kubeba mawazo makubwa ya Mwafrika mwenyewe, au kama ingebaki kuwa lugha ya amri na hesabu. Jibu la shaka hiyo lilikuwa linaandikwa pole pole na karani wa forodha.

Alianza na mashairi. Washairi wa pwani walikuwa na sheria zao tangu karne nyingi. Katika shairi la kawaida kila mstari huwa na mizani 16, nao hukatwa katikati, 8 huku na 8 huku, na vina hulingana katikati na mwishoni. Katika utenzi kila kipande huwa na mizani 8, vipande vinne hufanya ubeti, na kina cha kipande cha nne hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hata wa mwisho. Mtu asiyejaribu huona ni mchezo. Akijaribu kutunga beti kumi huona jasho. Shaaban alizishika sheria hizo kama fundi ashikavyo kamba ya kupimia, lakini akayatia ndani mambo ya siku zake: kazi, rangi za watu, utu, lugha, mauti.

Mauti aliyajua nyumbani mwake. Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki, akamwachia watoto wadogo. Shaaban alimtungia shairi la maombolezo linaloitwa kwa jina lake, na katika mashairi ya huzuni ya Kiswahili ni machache yanayopendwa kuliko hilo. Kwa watoto wale akatunga tenzi mbili, mmoja kwa binti yake na mmoja kwa mwanawe, kuwausia namna ya kuishi. Utenzi wa binti ulifuata njia ya Mwana Kupona, mwanamke mtukufu wa Pate, ambaye zaidi ya miaka 80 kabla yake alikuwa amemtungia binti yake utenzi wa mausio akiwa mgonjwa. Katika mambo haya Shaaban alikuwa mama na baba pamoja.

Mwaka 1944, vita kuu ya pili ikiwa haijaisha, alitolewa forodhani akatiwa katika idara ya wanyama. Akaenda bara, Longido na Mpwapwa, mbali na bahari aliyoizoea. Mambo ya miaka ile ameyaeleza katika kitabu cha maisha yake. Humo ameandika juu ya ubaguzi wa rangi alioonja safarini, lakini bila matusi, kwa maneno yaliyopimwa. Na msomaji akimaliza kurasa hizo huona aibu ya wale waliomdharau ni kubwa kuliko kama angewatukana. Juu ya vita yenyewe alitunga utenzi mrefu ajabu, wenye beti 3,000 hivi. Hakwenda vitani. Lakini vijana wa Tanganyika walikuwa wakipigana Uhabeshi, Bukini na Burma, naye aliona kwamba jambo kubwa kama hilo lisipite bila kuimbwa katika lugha yao.

Mwaka 1946 alirudi Tanga, akawa karani katika ofisi ya wilaya, na tangu 1952 hata 1960 akafanya kazi katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Miaka hiyo ya Tanga ndiyo iliyotoa hadithi zake mashuhuri.

Mwaka 1952 ilipigwa chapa hadithi ya Adili na Nduguze. Katika nchi ya Ughaibu palikuwa na mfalme aitwaye Rai, na katika miji yake mmoja, jina lake Janibu, ulitawaliwa na liwali Adili. Mwaka mmoja kodi ya Janibu ilichelewa, mfalme akamtuma mtu wake, Ikibali, kuitafuta. Ikibali aliona jambo la kutisha katika nyumba ya liwali yule mwema. Kila usiku watu walipolala, Adili alikwenda kwa siri penye manyani mawili yaliyofungwa, akayapiga mijeledi, kisha akalia, akayakumbatia, akayalisha chakula kizuri. Mfalme aliposikia alimwita Adili pamoja na manyani yake, akamwuliza sababu.

Ndipo siri ikatoka. Manyani yale yalikuwa ndugu zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu. Baba yao alipokufa waligawana mali sawasawa. Wale wawili wakaipoteza mali yao, Adili akawagawia tena katika yake. Wakasafiri pamoja baharini. Adili akaokoa nyoka mweupe aliyekuwa akifukuzwa na nyoka mweusi, na kumbe nyoka yule alikuwa Huria, binti wa majini. Akafika pia katika mji ambao watu wake walikuwa wamegeuka mawe, akampata huko msichana mmoja tu aliye hai, jina lake Mwelekevu. Ndugu zake walimwonea wivu kwa ajili ya msichana huyo, wakamtupa Adili baharini usiku. Huria akamwokoa, akawageuza wale wawili kuwa manyani, na akamwamuru Adili awapige kila usiku. Basi aliyepigwa aliteswa, na aliyepiga aliteswa zaidi. Mwishoni mfalme Rai aliingilia kati na kuwaombea msamaha kwa majini, nao wakarudi kuwa watu.

Waliosoma kitabu cha Alfu Lela Ulela wataitambua mifupa ya hadithi hiyo, maana imo humo, nayo ni ya Abdallah na ndugu zake. Shaaban hakuona haya kuazima. Lakini alibadili jambo moja, na hilo moja ni kubwa kuliko yote aliyoazima. Katika hadithi ya kale ndugu wale wabaya wakisha kusamehewa humgeukia tena ndugu yao, na mwisho wao ni kuuawa. Shaaban hakukubali mwisho huo. Manyani yake hutubu, na wakirudi kuwa watu huwa watu kweli. Labda mtu aliyezika na kulea peke yake hakupenda kuandika kwamba kuna ndugu asiyeweza kurudi.

Kitabu kingine, Kusadikika, kilitoka mwaka mmoja kabla ya hicho, yaani 1951. Kusadikika ni nchi inayoning'inia angani, wala haikukanyaga ardhi popote, kwa hiyo hakuna ramani inayoionyesha. Humo alikuwako mtu aitwaye Karama, aliyewafundisha watu elimu ya sheria. Waziri Majivuno akamshtaki mbele ya mfalme kwamba anaharibu nchi. Karama alipewa siku sita za kujitetea, na kila siku akaeleza habari za mjumbe mmoja. Wajumbe sita walikuwa wametumwa zamani, mmoja kaskazini, mmoja kusini, mmoja mashariki, mmoja magharibi, mmoja mbinguni na mmoja ardhini, kutafuta mambo mema ya kuifaa nchi. Kila mmoja alirudi na mema hayo baada ya taabu nyingi, na kila mmoja shukrani yake ilikuwa kutiwa kifungoni. Mfalme aliposikia habari za siku ya sita, alimwachilia Karama, na wale wafungwa pia.

Msomaji na akumbuke kwamba mwaka 1951 nchi ilikuwa chini ya wageni, na mwenye kuandika hayo alikuwa karani wao, akila mshahara wao, akikaa katika ofisi yao ya wilaya. Kama angeandika waziwazi kwamba wanaoleta mawazo mema katika Tanganyika hulipwa kifungo, kazi ingemtoka siku ile ile, na kitabu kisingepigwa chapa. Basi aliichukua nchi akaitundika angani. Watu walioisoma waliijua, na waliotawala hawakuweza kusema ndiyo yao pasipo kujishtaki wenyewe. Hadithi za kale za sungura na fisi zilifanya kazi hiyo hiyo katika vijiji tangu zamani, ila sungura hakupata kusimama mbele ya baraza siku sita akijitetea kwa sheria.

Si kila jambo katika vitabu vyake ni rahisi. Alipenda maneno ya Kiarabu yasiyosikika sokoni, na mwanafunzi humlazimu kuwa na kamusi karibu. Tena watu wake mara nyingine ni wema mno au wabaya mno, na majina yao huwataja tabia kabla hawajafanya lolote. Mtu akiitwa Hasidi, nani atamtumainia? Lakini penye uchungu wa kweli, kama usiku ule wa mijeledi, majina husahauliwa, na msomaji huona ndugu watatu tu.

Aliandika pia maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyefariki mwaka 1950. Siti alizaliwa Fumba, akafinyanga vyungu na kuviuza, kisha akaja mjini akaimba mpaka sauti yake ikanaswa katika sahani za santuri huko Bombay, ikasikika pwani yote. Alikuwa mwanamke maskini wa shamba asiyejua kusoma. Siku zile waliokuwa wakiandikiwa vitabu vya maisha yao ni wafalme na majemadari; Shaaban alimpa nafasi hiyo mfinyanzi wa Fumba.

Heshima zilimfikia. Alifanywa mtu wa kamati ile ya Kiswahili, akapewa nishani ya Margaret Wrong kwa ajili ya uandishi wake, na Serikali ya Waingereza ikampa nishani ya MBE. Kupata wa kumpigia chapa, hata hivyo, kulikuwa taabu. Diwani yake iitwayo Pambo la Lugha ilipigwa chapa mbali sana, Johannesburg katika Afrika Kusini, na hati zake nyingine zilikaa miaka mingi zikingoja.

Jambo kama hilo limewapata waandishi wa nchi nyingi. Katika Japani ya kaskazini, penye baridi na milima ya moto, alikuwako Miyazawa Kenji, mwalimu wa shule ya kilimo katika mji wa Hanamaki, aliyeandika mashairi na hadithi za ajabu. Mwaka 1924 zilitoka diwani moja na kitabu kimoja cha hadithi, na ni wachache walioviona. Alifariki mwaka 1933 akiwa na miaka 37, hati zake zimejaa nyumbani. Leo watoto wote wa Japani humsoma. Watu hao wawili hawakujuana, wala hakuna aliyepata kulisikia jina la mwenzake. Lakini wote wawili walifanya kazi ya mshahara mchana, wakaandika hadithi za nchi zisizo katika ramani, wakafa kabla kazi yao haijaenea.

Shaaban Robert aliuona uhuru wa Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961. Aliuona kwa muda wa miezi sita tu. Mwezi wa Juni 1962 alifariki Tanga, mwenye umri wa miaka 53, akazikwa Machui, karibu na pale alipozaliwa.

Hati zake zilikuwa bado zinangoja. Mwaka 1967 ulitoka ule utenzi mrefu wa vita, ikatoka na Kufikirika, hadithi ya nchi ambayo mfalme wake hakujaliwa mtoto, nayo alikuwa ameiandika miaka ishirini iliyopita. Mwaka 1968 vikafuata Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote. Na mwaka ule ule wa 1967, mwezi wa Januari, Serikali ya Tanzania ilitoa amri kwamba kazi za ofisi zake ziendeshwe kwa Kiswahili. Tangu siku hiyo makarani wa Pangani, wa Tanga na wa Tukuyu wakaanza kuandika barua zao za kazi katika lugha ambayo karani mmoja wa forodha alikuwa akiiandika jioni, baada ya kufunga daftari la mizigo.